Mama Hakufa: Insha Zetu na Sisi Wenyewe

(Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wenzangu baada ya swala ya Alasiri, Kisumu, ndani ya mwezi wa Ramadhan. Nimeyaandika upya kwa ajili yako wewe msomaji ambaye hukuwepo.)



Kila sifa njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, najua ukifungua gazeti la Ramadhan unatarajia mambo ya nia ya saumu, zakatul fitri, na yale yanayofunguza. Hayo masheikh wetu wameyaeleza, na kuyaeleza kuliko mimi. Mimi niliombwa na amiri wetu niseme kidogo juu ya uandishi kwa kuwa, alivyosema yeye, "wewe ndiye uliyekuwa ukipata alama nzuri za insha." Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. Insha? Kwenye mawaidha ya Ramadhan? Nikamwambia, mzee wangu, nipe nusu saa tu. Na wewe msomaji nakuomba hiyohiyo.

Nianze na dhambi yangu. Nilipokuwa darasa la saba nilimuua mama yangu.

Nilimuua kwenye insha. Mwalimu alitupa kichwa, kisa cha huzuni kilichowahi kukupata, na mimi nikaandika kwamba mama yangu alikuwa daktari mkubwa mjini, mwenye gari jeupe. Siku moja, ndege wakiimba juu ya miti na umande ukimetameta kwenye nyasi (si unajua vile tulivyokaririshwa), gari lile likapinduka mara tatu na mimi nikabaki yatima. Machozi yangu yakatiririka njia mbilimbili. Nikaweka methali tatu, tashbihi tano na nahau ambazo hata maana zake sikuzijua sawasawa. Nikapata alama 35 kwa 40. Ikasomwa mbele ya darasa na wasichana wawili wakalia.

Sasa, mama yangu hakuwa daktari. Mama yangu alikuwa akiuza omena kwa gorogoro pale Kibuye, na mpaka leo anauza. Usiku sare yangu ilikuwa ikitundikwa chumba kimoja na magunia, kwa hivyo asubuhi nilikuwa nafika shuleni nikinuka ziwa. Watoto walikuwa wakiziba pua. Hiyo ndiyo insha ya huzuni iliyowahi kunipata, na sikuiandika hata neno moja lake.

Kile kitabu alikiona mama. Yeye mas-hafu anasoma vizuri sana kushinda mimi, lakini herufi za kizungu zinampa taabu, kwa hivyo akamwita mtoto wa jirani amsomee. Ilikuwa Ramadhan, kama saa kumi na moja jioni, maharagwe yako jikoni. Mimi nikaingia nikakuta mtoto yuko pale pa gari kupinduka. Mama akacheka. "Kwani mimi nimekufa lini?" Yule mtoto akaendelea mpaka mwisho, na mama akawa hacheki tena. Akaniambia neno moja ambalo sijalisahau: "Sawa, umeniua. Lakini hata dua hukuniombea, kwenye hicho kitabu chako?"

Wallahi sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za kilio na hakuna mahali hata pamoja nilipoandika Allah amrehemu. Manake yule aliyekufa hakuwa mtu. Alikuwa alama 35.

Nisieleweke vibaya. Walimu wetu siwalaumu sana. Ule mtihani wa darasa la nane, uliofanywa tangu 1985 mpaka ukakomeshwa 2023, ulimpa mtoto dakika 40 kwa insha nzima. Ukifika kidato cha nne unapewa saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, ya kwanza ni ya lazima, nayo ni ya uandishi wa kiamilifu: barua rasmi, hotuba, kumbukumbu za mkutano, ripoti. Mwalimu mwenye watoto sitini atafanya nini? Anawapa ufunguo mmoja wafungue nao milango yote. Na pia sisemi kwamba kutunga kisa ni uongo. Kisa kikijulikana kuwa kisa, msomaji hajadanganywa. Kosa langu halikuwa kutunga. Nilitunga ili nifiche gunia la omena, na hiyo ni habari nyingine.

Tuliosoma chuo tuna ziada moja hapa. Neno insha limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kuanzisha, kuumba kitu kikasimama. Asili yake ndiyo ile ile inayotumika katika Surat al-Mulk pale Mola anapotukumbusha kuwa ndiye aliyetuanzisha akatupa masikio, macho na nyoyo. (Lisichanganywe na inshaallah. Kuna kijana aliniuliza hilo na wengine wakamcheka, lakini swali lake lilikuwa zuri: ile ni maneno matatu, "ikiwa" na "ametaka" na jina la Mola, haihusiani na hii.) Maalim wetu alitufundisha kuandika kwenye ubao kisha tunaosha, tunaandika tena. Hakuna siku aliyotwambia tuandike habari zetu wenyewe. Shuleni nako tuliambiwa tuandike habari zetu, ila kwa maneno ya watu wengine. Basi mimi nimekulia kati ya vyumba viwili hivyo, na nadhani na wewe pia.

Na usidhani kwamba mtu kuandika mambo yake ni jambo la kigeni kwetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona alikuwa mgonjwa. Alikuwa na binti, Mwana Hashima, wa umri kama wa dada zetu wa sekondari. Hakuwa na uhakika atamwona akikua. Akachukua utendi, chombo kilichokuwa kikitumika kwa vita na habari za mitume, akamwandikia mwanawe maneno ya mama kitandani: namna ya kumcha Mungu, namna ya kuishi na mume na watu, na mwisho akajiombea dua yeye mwenyewe na wanawe. Alikufa miaka michache tu baadaye. Fikiri kidogo: yule ni mama anayekufa kweli, anamwandikia mtoto aliye hai. Mimi nilikuwa mtoto ninayeandika juu ya mama aliye hai kana kwamba amekufa. Yeye dua haikumsahau.

Wako wengine. Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896, akaeleza kwa Kiswahili aliyoyaona huko, na maneno yake yakachapwa 1901 katika mkusanyo wa Velten wa safari za Waswahili. Hakuwa na mfano wa kuiga, hakuna aliyewahi kueleza Siberia kwa Kiswahili. Shaaban Robert ndiye aliyetuachia kitabu kizima juu ya insha, Kielezo cha Insha, kilichotoka Johannesburg 1954, na yeye huyohuyo akaandika habari za maisha yake katika Maisha Yangu, pamoja na kufiwa na mkewe. Na Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikuwa akitoa karatasi yake ya Sahifa na kisha gazeti la Al-Islah. Makala fupifupi, kwa Kiswahili, zinamsemesha Muislamu wa kawaida sokoni mambo ya elimu na uvivu na kuiga ovyo. Baadaye zikakusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Alikuwa alim wa kuogopwa, na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, lakini aliona karatasi ndogo ya kusomwa barazani ina kazi yake. Kwa hiyo ukishika gazeti hili la vijana mkononi, jua jambo hili lina wazee.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nataka nikusimulie Ramadhan ya 2020.

Unaikumbuka. Shule zilifungwa Machi. Misikiti ikafungwa. Kafyu ikaanza saa moja jioni, na Kisumu yetu huku magharibi jua linachelewa, Maghrib inaingia karibu na saa moja kasoro, kwa hivyo mtu akifuturu tu, barabara zimekufa. Baba yangu ni dereva wa basi la usiku, Kisumu na Mombasa. Miaka yote niliyokuwa nikifunga, sikumbuki Ramadhan aliyokaa nasi mwezi mzima. Alikuwa akifuturu njiani, mara kwa saa ya Mombasa, mara kwa saa yetu, na kati ya saa hizo mbili kuna kama dakika ishirini hivi. Alikuwa akitania kwamba yeye ndiye mtu pekee anayejua kuwa jua linapanda basi. Mabasi ya usiku yakasimama, na Aprili Nairobi na Mombasa zikafungiwa, baba akarudi nyumbani na begi lake, akakaa.

Usiku wa kwanza wa tarawehe tukatandika mkeka sebuleni. Mama na dada zangu nyuma. Baba akasimama mbele, akatazama ukuta kitambo, kisha akarudi nyuma hatua moja. Akaniambia, "Wewe tangulia."

Basi. Tukio lote ni hilo. Lakini mimi nilikuwa nimepewa na ustadh wetu daftari tupu, akaniambia andika kila usiku mistari mitatu, usizidishe. Hiyo ndiyo shajara. Usiku ule niliandika: Tarawehe nyumbani. Nimeswalisha mimi. Baba alikuwa nyuma yangu. Hakuna ndege walioimba, hakuna umande. Mistari mitatu haina nafasi ya umande. Na nilipoisoma baada ya wiki, ule mstari wa tatu ulinishtua. Nimeuandika wa nini? Watu watano walikuwa nyuma yangu, mbona nimemtaja mmoja?

Shajara ina uzuri huo, inaokota kitu kabla hujajua ni cha nini. Ubaya wake ni kwamba haimwelezi mtu.

Wiki hiyohiyo nikaandika barua kwa nyanya yangu Kendu Bay, mama yake baba, sisi tunamwita Dani. Ulikuwa ni ule mwezi wa Mei ambapo maji ya ziwa yalipanda yakapita hata kiwango cha 1964, na shamba lake la mboga ufukweni likaenda lote. Nauli zilikuwa zimepanda, hatukuweza kwenda. Nikaandika, nikaipiga picha kwa simu, nikamtumia binamu yangu amsomee. Nikamwuliza Dani habari za maji, nikampa pole ya shamba, nikamwambia sote wazima na tunafunga. Jibu lake lilikuja kwa sauti, nusu Kijaluo nusu Kiswahili: "Mjukuu wangu, maji nayaona hapa mlangoni, huna haja ya kuniandikia maji. Mbona barua nzima hujamtaja mwanangu?"

Umeona? Katika shajara baba alijitokeza bila kuitwa. Katika barua, kwa kuwa nilikuwa nachagua la kumwambia mzee, nilimficha. Sikutaka Dani ajue kwamba mwanawe hana kazi, na sikujua kwamba nilikuwa naficha mpaka mtu asiyejua kusoma aliponionyesha shimo kwenye barua yangu. Ndio maana nasema barua ni shule ya peke yake. Ina mtu upande wa pili, naye ana haki ya kuuliza.

Nikajaribu insha ya methali. Subira huvuta heri. Nikaandika kurasa mbili na ikanishinda wallahi. Sababu ni kwamba methali imeshaamua mwisho kabla sijaanza. Nilihitaji heri ipatikane ukurasa wa pili, na sisi nyumbani kwetu Mei 2020 heri tulikuwa bado tunaisubiri, tena unga ulikuwa wa kukopa. Ningeendelea ningelazimika kumtafutia baba kazi ya uongo, kama nilivyomtafutia mama udaktari. Nikaichana. Lakini hata kuichana kulinifaa, manake ndipo nilipojua kwamba nilikuwa na hofu.

Iliyofungua mlango ni insha ya maelezo, ile tunayoidharau kuliko zote kwa kuwa haina kisa. Nikajiambia nitamweleza baba alivyosimama, hivyo tu, kama mtu anayeeleza ramani. Viatu vya dereva vimewekwa kando ya mlango, vimeelekea nje. Mikono yake ina ugumu wa usukani kwenye viganja. Anapofunga mikono kifuani kidole gumba cha kulia kinatikisika kidogo, kama bado kuna gari linalonguruma chini yake. Macho yako chini. Midomo inafuata sura ninayosoma, lakini inachelewa.

Inachelewa. Nilipoandika neno hilo nikaweka kalamu chini. Baba hakurudi nyuma kwa sababu ya kuniheshimu tu. Alirudi kwa sababu hizo sura hakuzihifadhi. Alipokuwa mtoto Kendu Bay alikuwa ziwani, na alipokuwa mtu mzima alikuwa barabarani, na ada ya chuo aliyokuwa akilipa kila mwezi ilikuwa ni ili mimi nihifadhi yale ambayo yeye atasimama nyuma yake na midomo inachelewa. Na alijua siku moja itafika nitambue. Alitangulia kuniambia "tangulia" kabla sijatambua.

Miezi yote hiyo nilikuwa nimemwona baba kama mtu aliyekaa bure nyumbani. Nisingesema hivyo kwa mdomo, Allah anisamehe, lakini moyoni ndivyo nilivyokuwa.

Baada ya kusema haya kuna kijana alinyanyua mkono akaniuliza swali gumu, nami nataka uulize pia. Je, hii si kumsengenya mzazi? Na mtu akiandika makosa yake mwenyewe, si ni kule kujianika ambako Mtume (S.A.W.) alituonya, kwamba Mola amemsitiri mtu usiku naye asubuhi anajifunua? Jawabu langu, na mimi si mufti: dhambi iliyositiriwa iache ilipo, umalize na Mola wako, daftari si mahali pake. Habari ya baba nilimwomba ruhusa, na niliyoyaandika hapa ndiyo aliyoyaruhusu; kuna ukurasa mmoja aliniambia "huo uache," nikauacha. Tena Imam al-Ghazali, alipoacha kusomesha Baghdad mwaka 1095, aliandika baadaye katika al-Munqidh jinsi ulimi wake ulivyofungika mbele ya wanafunzi asiweze kutamka neno. Hakutaja hilo ili ajisifu wala ajifedheheshe. Alikuwa anaonyesha njia aliyopita. Mimi naona mpaka uko hapo, ingawa kuupima si rahisi, na riya haiko mbali na kalamu ya mtu yeyote, hata hii unayoisoma.

Ukitaka kujaribu, usisubiri upate muda. Chukua zile dakika kumi baada ya daku, kabla ya adhana ya Alfajiri, badala ya kuzimaliza kwenye simu. Chagua jambo dogo la siku moja: ulivyokwenda kununua barafu Kondele ukarudi imeyeyuka, mama alivyonyamaza wakati wa futari. Leo liandike mistari mitatu. Kesho liandike tena kama barua kwa mtu unayemwogopa kidogo. Keshokutwa lieleze bila kisa, vitu na mikono tu. Usiweke methali mpaka uone kama jambo lenyewe linaiita. Na wewe mzazi unayesoma hili, ukiona daftari la mtoto usilisome kwa siri; mwombe akusomee. Mkikuta umekufa, chekeni kwanza.

Mwaka huu nimeiandika tena ile insha ya darasa la saba. Safari hii mama yuko hai, amekaa Kibuye juu ya kigoda, amefunga, jua la saa nane linampiga, anapima omena kwa gorogoro na kuongeza kiganja kimoja juu bila mteja kuomba. Nikaweka harufu pia. Nikaweka sare yangu na wale watoto waliokuwa wakiziba pua, jambo ambalo sikuwahi kumwambia.

Nikamsomea baada ya futari, baba yuko safarini. Alisikiliza mpaka mwisho, vyombo mbele yake. Pale pa sare akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Kigoda si changu, ni cha jirani yangu wa mboga, nilikuwa naazima. Kiandike sawa." Halafu akaniuliza ile dua nimeiweka wapi.

Nilikuwa nimeiweka. Nikamsomea mara ya pili, akaitikia amin.